Makopo 45 ya siagi ya karanga: namna ya kuihesabu na kuitangaza biashara changa

Mwulize kijana aliyefunga biashara yake kabla ya kutimiza mwaka nini kilimwangusha, na mara nyingi atakujibu kwamba mtaji ulikata. Anasema kweli, lakini jibu hilo halielezi kitu, kwa sababu kila biashara inayokufa hufa ikiwa haina fedha. La kujua ni fedha zilikwenda wapi. Nionavyo mimi, kwa biashara ndogo za uzalishaji na uuzaji, nyingi huishia kwenye bei iliyopangwa bila hesabu, kwenye mali iliyolala madukani kwa watu, na kwenye matangazo yaliyolipiwa kabla ya wakati wake. Mambo hayo matatu yamefungamana, na ukilishughulikia moja peke yake hutapata nafuu.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue biashara moja na tuifuate hatua kwa hatua: siagi ya karanga inayotengenezwa Dodoma. Karanga zinalimwa mkoani humo na mikoa ya jirani, mashine ya kusagia unaweza kuilipia bila kuinunua, na tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016 mji umeongezeka watu wenye mishahara na watoto wadogo. Mwenye biashara ni binti wa mfano, na bei nitakazotaja ni za mfano. Wewe weka za kwako, hata kama unauza sabuni ya maji, viatu vya mtumba au keki.

Bei inatoka jikoni kwako

Vijana wengi hupanga bei kwa kumwangalia jirani. Jirani anauza kopo shilingi 5,000, basi na mimi nitauza 5,000, au 4,500 ili nimpokonye wateja. Lakini hujui jirani ananunua karanga wapi, kama analipa kodi ya chumba, au kama naye anakula mtaji wake polepole bila kujua. Bei ya jirani inakuambia mteja amezoea kulipa kiasi gani. Haikuambii kama wewe utapona kwa bei hiyo.

Binti yetu ananunua kilo 20 za karanga zilizomenywa kwa shilingi 4,000 kwa kilo. Hapo 80,000 imetoka. Akishakaanga, akapeta maganda na kuchambua mbovu, anabaki na kilo 18, na hizo kilo mbili zilizopotea amezilipia. Kilo 18 zinajaza makopo 45 ya gramu 400. Kopo tupu na lebo yake ni shilingi 750, jumla 33,750. Kusagisha ni 500 kwa kilo, yaani 9,000. Mkaa 6,000. Nauli ya kwenda kununua na kusagisha 8,000. Jumla ya mkupuo mmoja ni 136,750, na ukigawa kwa makopo 45, kila kopo limemgharimu kama shilingi 3,040.

Akiuza 5,000 anaona faida ya 1,960 kwa kopo na moyo unamjaa. Hapa ndipo hesabu ya wengi inapokomea, na hapa ndipo kosa linapoanza, maana kuna watu wawili hawajalipwa.

Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Mkupuo ule ulimchukua siku mbili za kazi. Akijilipa 10,000 kwa siku, ni 20,000, sawa na shilingi 444 kwa kila kopo. Utasikia ushauri kwamba mwenye biashara changa asijilipe. Mimi naupinga ushauri huo. Asiyejilipa kwa kiwango kinachojulikana hujilipa kwa kuchota: leo nauli, kesho vocha, keshokutwa mchango wa harusi ya binamu, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua mtaji umeliwa na nani. Kujilipa kidogo kwa kiwango maalumu kunaulinda mtaji kuliko kujinyima kwa maneno. Tena siku akihitaji kumwajiri mtu, bei yake tayari itakuwa na nafasi ya mshahara huo.

Wa pili ni mwenye duka. Binti hawezi kuuza kila kopo kwa mkono wake, kwa hiyo anayapeleka madukani katika mitaa ya Dodoma: Area C, Kisasa na Majengo. Muuza duka naye anataka kitu, kwa hiyo anachukua kwa 4,200 ili auze 5,000. Sasa faida ya kopo imeshuka kutoka 1,960 hadi 1,160, na ukitoa ujira wake inabaki 716. Kopo ni lile lile na mlaji analipa bei ile ile, lakini kinachomfikia mtengenezaji ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya kile alichokuwa akijihesabia.

Halafu kuna gharama zinazokuja kila mwezi, uuze au usiuze. Tuseme chumba 60,000, maji na umeme 15,000, bando na simu 15,000. Jumla ni 90,000. Gawanya 90,000 kwa 716 unapata makopo 126. Hiyo ndiyo namba ambayo kila mwenye biashara anapaswa kuijua kwa kichwa: idadi anayolazimika kuuza kwa mwezi ili asipate hasara, kabla hata faida haijaanza. Akiuza yote moja kwa moja kwa walaji, faida yake kwa kopo, ukishatoa ujira, ni 1,516, na makopo 60 tu yanatosha kufika hapo hapo.

Tuone mwezi mzima. Anatengeneza mara tatu, makopo 135. Yakienda yote madukani, baada ya gharama za mwezi anabaki na shilingi 6,660 juu ya ujira wake wa 60,000, na hapo kodi ya serikali bado. Yakienda 75 madukani na 60 akayauza mwenyewe, anabaki na 54,660. Ametengeneza kiasi kile kile, jasho la jikoni ni lile lile, na tofauti yote imetokana na nani aliyemkabidhi kopo. Kwa hiyo, kwa biashara changa, swali la kutafuta soko halitengani na swali la faida. Ukisikia mtu anajisifu kwamba bidhaa yake ipo maduka 30, mwulize anabaki na shilingi ngapi kwa kila kopo, na fedha zinarudi baada ya siku ngapi.

Mali kauli

Hilo la siku ngapi linastahili nafasi yake, maana limeua biashara nyingi ambazo kwenye karatasi zilikuwa na faida nzuri.

Madukani, mgeni hapewi fedha taslimu. Anaambiwa aache mali, ikiuzwa atalipwa. Ndiyo mali kauli, na kwa mwenye duka ni utaratibu wa haki, kwa sababu hajui kama bidhaa yako itatoka. Lakini angalia upande wa binti. Mkupuo wa kwanza umekwenda madukani, 136,750 imelala huko. Wa pili umeufuata, kisha wa tatu. Sasa ana shilingi 410,250 ndani ya rafu za watu, na kila akipita anaambiwa njoo Ijumaa. Karanga zimeisha. Wateja wanauliza siagi iko wapi. Ana faida, ana mali, ana soko, na hana hela ya kununua kilo moja.

Hapo ndipo anapokimbilia mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu. Akikopa 410,250 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni zaidi ya 82,000, wakati biashara nzima, ikiuza kupitia madukani, ilimwachia 6,660. Hata kwa mkopeshaji halali, ambaye Benki Kuu imemwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi chini ya utaratibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, riba ingekuwa zaidi ya 14,000, na bado ingemeza faida yote. Mkopo unaokuja kuziba pengo la mali kauli humalizia kazi ambayo mali kauli ilishaianza.

Dawa yake ni kuweka kikomo. Chukua mtaji wako wa kuzungusha, uamue kwamba isizidi theluthi moja kuwa nje kwa wakati mmoja, na duka lisipate mzigo mpya kabla ya kulipia wa zamani. Anza na makopo matano kwa duka, wala si 20. Andika makabidhiano kwenye daftari lenye nakala, mwenye duka asaini, na tarehe ya malipo itajwe. Atakayekataa kusaini kwa makopo matano amekwambia mapema atakavyokuwa kwa 50. Na kwa ndugu na marafiki wanaotaka kukopa kopo moja hadi mwisho wa mwezi, ni rahisi zaidi kuwaambia tangu siku ya kwanza kwamba fedha ya biashara haikopeshwi kuliko kuanza kudai baadaye na kupoteza vyote viwili, fedha na udugu.

Msimu nao una uzito hapa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na karanga huvunwa kuanzia mwishoni mwa masika. Bei huwa nafuu wakati huo, kisha hupanda kadiri mwaka unavyokwenda. Mwenye fedha mkononi miezi ya mavuno ananunua magunia ya kumfikisha mbali. Mwenye fedha zilizolala kwa watu atanunua kwa bei ya Januari.

Kuhusu mkopo wenyewe, upo usio na riba. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ninachowasihi vijana ni kutounda kikundi kwa ajili ya mkopo tu. Vikundi vya namna hiyo hugawana fedha siku ya kwanza na kugombana siku ya kwanza ya marejesho. Kikundi kiwe cha watu ambao tayari wanafanya kazi pamoja, au angalau wamekwisha kuweka akiba pamoja katika kikoba na kujuana nani huleta hisa yake kwa wakati.

Karatasi za serikali, na kwa nini daftari lina thamani ya fedha

Watu huchanganya vitu vinne vinavyotoka katika ofisi tofauti. Namba ya mlipakodi, TIN, inatolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo. Jina la biashara linasajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara inatoka halmashauri, na utahitaji uthibitisho wa kodi kutoka TRA ili kuipata. Ubora wa bidhaa ni kazi ya TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa vyakula na vipodozi. Zanzibar ina mamlaka zake, na msomaji wa Kenya au Uganda atakuta majina mengine, ingawa mgawanyo wa kazi hautofautiani sana.

Kuna mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. Kusajili jina la biashara hakukufanyi uwe mmiliki wa nembo iliyo kwenye lebo yako. Alama ya biashara ni usajili mwingine, pia BRELA, na asiyeufanya anaweza siku moja kukuta mtu mwingine ameisajili nembo hiyo. Na biashara iliyosajiliwa kwa jina tu haitengani na wewe: deni lake ni deni lako, na anayedai anaweza kukufuata hadi kwenye mali yako binafsi. Kampuni ndiyo inayohesabiwa kisheria kuwa mtu mwingine. Kwa binti wetu jina la biashara linatosha kwa sasa. Akiingiza mshirika au mkopo mkubwa, aanze kufikiria kampuni.

Kwa chakula, nisingemshauri mtu aahirishe ubora hadi biashara ikue. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye mazao, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshikwa zaidi na kuvu hao. Kukaanga hakumalizi sumu hiyo. Kinachosaidia ni karanga zilizokauka vizuri, zilizohifadhiwa pakavu, na uchambuzi wa mkono unaoondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Zile kilo mbili zilizopotea katika hesabu yetu zilikuwa pamoja na hizo, na mtu anayezisaga ili apate makopo machache zaidi anamlisha sumu mtoto wa mwenzake. Njia ya mjasiriamali mdogo kufika TBS hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani, ambalo hutoa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho inayomrahisishia mdogo gharama. Nenda ofisini kwao kabla hujachapisha lebo, kwa sababu lebo ina masharti yake: viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na mahali unapopatikana. Uzito huo nao Wakala wa Vipimo huupima.

Sasa daftari. Jedwali la kodi kwa wafanyabiashara wadogo binafsi lililokuja na Sheria ya Fedha ya 2019 lilimwacha bila kodi ya mapato mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu alipangiwa 100,000, na anayetunza alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 4.8 mwenye daftari, basi, alipaswa kulipa 24,000, na mwenzake mwenye mauzo yale yale asiye na daftari alipaswa kulipa 100,000. Viwango hurekebishwa na sheria mpya ya fedha kila Julai, kwa hiyo vihakiki TRA kwa mwaka wako, lakini kanuni ni hiyo: asiye na kumbukumbu anakadiriwa, na makadirio hayamsubiri yeye aseme.

Daftari lenyewe halihitaji programu. Tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa sababu gani, na anayedaiwa. Tenga laini ya simu au Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, kwa ajili ya biashara peke yake, ili mwisho wa siku taarifa ya miamala ikusaidie kukagua ulichoandika. Fedha ya biashara ikipita kwenye laini ile ile anayotumia mama kukutumia hela ya dawa, hakuna daftari litakalosalimika.

Lini utangaze

Mitaani kuna misemo miwili inayopingana. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine unasema biashara matangazo. Wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja una wakati wake, na kijana anayeutanguliza wa pili kabla ya wa kwanza atapoteza fedha.

Tangazo huleta mtu mara ya kwanza. Mara ya pili analetwa na bidhaa. Sasa tufanye hesabu. Tuseme binti ametumia 30,000 kulipia tangazo Instagram lionekane Dodoma. Kwa faida ya 1,516 kwa kopo, anahitaji kuuza makopo 20 ya ziada ili fedha hiyo irudi tu. Likimletea wateja sita, kila mteja amemgharimu 5,000. Kama kila mmoja atanunua kopo moja na kupotea, amepata hasara ya karibu 3,500 kwa kila kichwa. Kama kila mmoja atanunua kopo moja kila mwezi kwa mwaka mzima, mteja huyo ataleta faida ya 18,192, na ile 5,000 ilikuwa nafuu sana. Tangazo halikubadilika. Kilichobadilika ni kama mtu anarudi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia tangazo lolote, tafuta namba hii: katika watu 20 wa kwanza walionunua, wangapi walinunua tena bila kubembelezwa? Wakirudi wanne, tatizo liko ndani ya kopo au kwenye bei au kwenye upatikanaji, na kuleta watu 200 kutakufanya uchafue jina mbele ya watu 200. Piga simu kwa wale 16. Waulize kwa heshima nini hakikuwapendeza, na usijitetee wakijibu. Pengine mafuta yamejitenga juu wakadhani imeharibika, jambo ambalo maneno mawili kwenye lebo, "koroga kwanza", yangelimaliza. Pengine chumvi imezidi. Pengine hawakujua wakupate wapi. Wakirudi 12 au 13, hapo una kitu cha kutangaza.

Ukishafika hapo, anza na kisicho na malipo, na ujue kinavyofanya kazi. Hali ya WhatsApp, ile tunayoiita status, haionekani na kila mwenye namba yako. Lazima naye awe amekuhifadhi kwenye simu yake, na wewe umemhifadhi. Orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa pamoja nayo inawafikia waliokuhifadhi tu. Wapo vijana wanaopandisha picha kila siku na kushangaa wanatazamwa na watu 15, tisa kati yao ndugu. Kazi ya kufanya unapokabidhi kopo ni kumwomba mteja ahifadhi namba yako hapo hapo, kwa jina linaloanza na bidhaa ili ailete haraka akitafuta. Tumia WhatsApp ya biashara, ambayo ni bure, uweke katalogi yenye picha na bei. Na namba za wateja hao zikae kwako. Kumgawia mwenzako orodha ya wateja wako ni kuvunja imani yao, na tangu 2023 ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi nchini.

Weka bei. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu tabia ya kuandika "bei njoo inbox" imeenea mno. Muuzaji anadhani anamvuta mteja kwenye mazungumzo. Mteja mwenye haraka anadhani bei itategemea anavyoonekana, na anapita. Pia ukiweka bei wazi utaokoa saa zako za kujibu swali moja mara 40 kwa siku, saa ambazo ungechambua karanga.

Na picha? Picha ya kopo juu ya meza yenye maua kila mtu anayo. Binti wetu ana kitu ambacho wengi hawana: anachambua karanga kwa mkono. Apige video ya nusu dakika akionyesha sinia la karanga nzuri na bakuli la zilizotolewa, aeleze kwa nini zimetolewa na zitakwenda wapi. Mama mwenye mtoto mchanga aliyewahi kusikia habari za sumukuvu atamsikiliza hadi mwisho. Biashara yoyote inayofanya kazi kwa uangalifu ina sehemu kama hiyo, ambayo mwenyewe ameizoea hata haioni tena. Fundi cherehani anayepiga mshono mara mbili kwapani na asionyeshe amelificha tangazo lake bora kuliko yote.

Tahadhari moja juu ya kuwalipa watu maarufu wakutaje. Wafuasi wao wametapakaa nchi nzima na nje yake, na wewe unaweza kufikisha kopo Kisasa na Ilazo. Unanunua macho ambayo huwezi kuyahudumia. Afadhali makopo kumi ya bure kwa walimu wa chekechea wa mtaa wako, ambao wazazi huwauliza kila siku watoto wale nini.

Usafirishaji unapaswa kuhesabiwa pamoja na matangazo, kwa sababu hula faida ile ile. Bodaboda kwa shilingi 2,000 kupeleka kopo moja imemeza 1,516 yote na kudai zaidi. Ama mteja alipie na aambiwe mapema, ama panga siku: Jumatano upande wa Area C na Area D, Jumamosi upande wa Kisasa na Nzuguni, mzunguko mmoja, makopo 15 kwa safari. Wateja huzoea siku haraka kuliko tunavyodhani, na siku inayojulikana inakukumbushia kuwatumia ujumbe jana yake. Kopo la gramu 400 katika nyumba yenye watoto halikai sana; ukiandika tarehe ya kila aliyenunua, utajua wiki gani ya kumsalimia na kumwuliza limebaki kiasi gani. Ujumbe huo mmoja, uliotumwa kwa mtu sahihi katika wiki sahihi, utauza kuliko matangazo kumi ya jumla.

Itafika siku supermarket ya mjini itakuita, au mnunuzi wa Dar es Salaam atataka makatoni. Hongera, ila usisaini siku hiyo. Watakuuliza kama una nembo ya TBS na msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani, ambao hupatikana kwa taasisi ya GS1 Tanzania na kwa bidhaa za Tanzania huanza na 620. Wewe waulize mambo manne: wanalipa baada ya siku ngapi tangu wapokee mzigo, nani anabeba hasara ya kopo lililoisha muda au kuvunjika, nani analipa usafiri, na kama watataka punguzo wakati wa ofa zao ni nani anayelibeba. Wakisema siku 60, rudi kwenye daftari. Kwa mikupuo mitatu kwa mwezi, siku 60 ni mikupuo sita, shilingi 820,500 zitakazokuwa nje kabla senti ya kwanza haijarudi. Kama unazo, au unaweza kuwaomba waanze na katoni mbili na walipe kwa siku 14, endelea. Kama huna, waambie utawatafuta baada ya mavuno, na kopo la Jumatano lifike Area C kama kawaida.